Tume ya Kumtafuta Mwenye Aibu

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani, lakini sisi wenyewe tumo, na tunaishi vizuri tu. Tuna bendera, tuna wimbo wa taifa wenye beti nyingi kuliko tunazozijua, tuna mawaziri wa kutosha na tuna timu ya taifa. Timu yetu inaitwa Simbamarara, ingawa kwetu simbamarara hawapatikani. Siku ya kuizindua Waziri alieleza kwamba mnyama asiyepatikana ndiye anayeogopwa zaidi, nasi tulimpigia makofi kwa sababu alikuwa amevaa suti nzuri.

Mimi ni katibu mwenezi wa tawi la mashabiki la mtaa wetu. Kazi yangu ni kueneza. Sichagui cha kueneza, nikipewa naeneza. Nayasema haya mapema ili msomaji asije akadhani nina ubaya na mtu yeyote. Serikali yetu ni sikivu, viongozi wetu ni wapole, na yote yaliyotokea yalifuata utaratibu.

Kwetu timu ya taifa haisafiri peke yake, husindikizwa. Safari hii tulikuwa tunakwenda kucheza na kisiwa kimoja kidogo, kidogo kiasi kwamba kipa wao ndiye pia daktari wa meno wa nchi nzima. Ushindi ulikuwa wa uhakika, na viongozi wetu hupenda sana kuwa karibu na wananchi katika ushindi wa uhakika. Akaenda Waziri wa Michezo, Shangwe na Maombolezo, Mheshimiwa Profesa Daktari Mtutura. Akaenda mkewe, na dada wa mkewe, ambaye alikuwa na hamu ya kununua mapazia. Akaenda naibu waziri, na msaidizi wa naibu waziri, na mtu wa kumshikia mwavuli msaidizi wa naibu waziri. Wakaenda shehe na padri kwa ajili ya dua, na waganga wawili wa kuhakikisha kwamba dua imefika. Akaenda pia malenga wa kuusifu ushindi, shairi likiwa tayari limeandikwa mpaka idadi ya magoli.

Ndege ikajaa. Ofisa wa itifaki alishuka ngazi, akawakuta wachezaji kadhaa bado wamesimama chini na mabegi yao. Aliwaambia kwa upole kwamba wao ni vijana, watasafiri sana maishani, ila waheshimiwa waliokwisha kuketi wana presha na haitakuwa vyema kuwashusha. Wachezaji wote wa akiba wakabaki. Akabaki pia beki wa kushoto, Chande Tindwa, kijana wa mtaani kwetu.

"Lakini mimi naanza," Chande alimwambia.

"Jina lako limeshatangazwa," ofisa akamjibu. "Wewe jihesabu umesafiri. Nenda nyumbani ukapumzike."

*

Siku ya mechi Chande alikuja kwenye banda la video la Bi Sikudhani kama sisi wengine, na kandambili zake miguuni. Aliketi benchi la mbele, karibu na baba yake, Mzee Tindwa, ambaye ndiye mwenyekiti wa tawi letu. Tulishangaa kidogo.

"Si umesafiri wewe?" Kopwe alimuuliza. Kopwe ni fundi pikipiki na ndiye mchambuzi wetu mkuu wa soka.

"Ndege ilijaa, kaka."

"Loo, pole sana."

"Nimeshapoa."

Bi Sikudhani alileta chai. Vikombe vilikuwa haba, kwa hiyo Chande na baba yake walipokezana kimoja, baba akianza, mwana akimalizia. Sote tuliona. Banda lilikuwa limejaa na watu walikuwa wamekaa kwa kubanana, hakuna aliyekuwa na pengine pa kuangalia.

Msomaji wa nchi nyingine atauliza, je, televisheni haikuonyesha kwamba upande wa kushoto hakuna mtu? Hapo inabidi nieleze Sheria ya Heshima ya Picha. Kwa mujibu wa sheria hiyo, kamera ya taifa haiwezi kumpa kisogo kiongozi. Ndiyo maana katika mechi zetu huonyeshwa jukwaa kuu. Tulimwona Waziri vizuri sana akitafuna korosho. Tulimwona shemeji yake akisinzia, akiamka, akipiga makofi na kusinzia tena. Mpira tuliuona pale ulipopaa na kumwangukia naibu waziri, na mpiga picha akaomba radhi palepale hewani.

Mengine yote tuliyapata kwa mtangazaji. Naye alikuwa amepewa kiti nyuma ya nguzo, haoni kitu, lakini alikuwa na majina yote kumi na moja yaliyotangazwa, akawa anayataja kwa haki, kila mchezaji kwa zamu yake.

"Chande Tindwa huyo, anapanda, Chande, anamgeuza mtu, anageuka tena."

Tukamgeukia Chande. Alikuwa anapuliza chai. Akacheka, baba yake akacheka, banda zima tukacheka, na kwa muda mfupi ilikuwa siku nzuri.

Kisha tukafungwa. Goli likapita kushoto. La pili kushoto. Mtangazaji, kwa kusikia kelele za wenyeji, akasema kwamba Chande ameachwa, Chande ameduwaa, hatujui Chande anawaza nini. Lilipoingia la tatu Kopwe akashika kichwa.

"Huyu Chande leo ana nini?"

"Kaka, mimi niko hapa," Chande akasema, bado anacheka.

"Hilo ndilo tatizo lako. Unachukulia mambo kimzaha. Taifa linafungwa upande wako, wewe umekaa unacheka."

"Sasa nifanyeje nikiwa hapa?"

"Unaniuliza mimi? Beki ni nani kati yetu?"

Watu wakaguna kuonyesha kwamba hoja imeingia. Chande akaacha kucheka. Mzee Tindwa naye akaacha. Nilimwona mzee akisogea kwenye benchi, si sana, upana wa kiganja tu, akawa karibu zaidi na mimi kuliko na mwanawe.

Mechi ikaisha saba kwa bila. Malenga alisoma shairi lake hivyohivyo, kwa kuwa alikuwa ameshalipitisha wizarani.

*

Msafara uliporudi, Waziri alihutubia taifa akiwa uwanja wa ndege, nyuma yake mapazia ya shemeji yakishushwa.

"Ndugu wananchi," alisema, "matokeo ya uwanjani ni suala la maoni, na serikali yenu inaheshimu maoni. Lakini aibu imeingia nchini. Imepita hapahapa bila kukaguliwa. Aibu haiwezi kuachwa ikizurura mitaani kama mbuzi asiye na mwenyewe. Nimeunda Tume ya Kumtafuta Mwenye Aibu. Matawi yote ya mashabiki yajadili kwa uhuru kamili na kuleta jina. Uhuru huo hauna mpaka. Mlaumuni mchezaji yeyote mnayemtaka."

Mwandishi mmoja aliuliza kama mtu anaweza kumlaumu asiyekuwa mchezaji. Waziri alicheka kwa upendo, akasema swali ni zuri, na mwandishi akahamishiwa idara ya utabiri wa hali ya hewa, ambako nasikia anafanya vizuri.

Adhabu ilikuwa moja na ilijulikana. Atakayepatikana na aibu hatacheza tena mpira wa ushindani nchini, si timu ya taifa, si klabu, si hata ligi ya mtaa. Chande hakuwa na kazi nyingine, wala hakuwahi kutaka nyingine. Tangu yuko darasa la tatu alikuwa akitumwa sukari, anakwenda akipiga danadana na kurudi akipiga danadana. Tulikuwa tukimshangilia kutoka vibarazani.

Tawi letu likakutana mbele ya gereji ya Kopwe. Mzee Tindwa aliongoza kikao, na kwa kuwa wachezaji hawaruhusiwi kuhudhuria mijadala inayowahusu, Chande alibaki nyumbani.

Kopwe alifungua kwa uchambuzi. Alionyesha kwa spana juu ya mchanga kwamba magoli yote yalitoka kushoto. "Pale palikuwa wazi," alisema. "Mtu anapita kama anakwenda sokoni."

"Palikuwa wazi kwa sababu mtu mwenyewe alikuwa bandani kwangu," Bi Sikudhani akasema. "Mmesahau? Si alikunywa chai pale?"

"Bi Sikudhani, haya mambo ni ya kiufundi."

"Chai ndiyo ya kiufundi?"

Mwalimu Ngoda aliinuka. Mwalimu hufundisha uraia na watu humsikiliza, hata anapoagiza maandazi. "Tutulie," alisema. "Serikali ilitangaza kwamba Chande amesafiri. Mtangazaji wa taifa alimtaja mara nyingi, nadhani kuliko mchezaji mwingine yeyote. Upande wa pili tuna nani? Tuna sisi, watu wa kawaida, tuliokuwa gizani ndani ya banda. Je, ni rahisi zaidi taifa zima likosee alipo mtu mmoja, au mtu mmoja akosee alipo yeye mwenyewe?"

Hilo lilitugusa. Wengi wetu tulikiri kwamba tumewahi kukosea zaidi ya hapo.

"Na hata kama hakuwepo," Kopwe akaongeza, "mchezaji wa kweli anaonekana hata asipokuwepo. Yeye hakuonekana kabisa."

Mtu mmoja wa nyuma, ambaye simtaji kwa kuwa ana familia, aliuliza ni nani hasa aliyekaa kwenye kile kiti cha ndege. Kopwe akakumbuka pikipiki ya mteja. Mwalimu akatazama saa. Mwenyekiti akakohoa, akasema tupige kura.

Mimi kama katibu niliinua mkono wa kwanza, ili wengine wajue ni wakati gani wa kuinua. Wakainua. Bi Sikudhani hakuinua, akaandikwa kuwa mgonjwa. Mzee Tindwa alisema mwenyekiti hapigi kura, akashukuru, kwa sauti ya kusikika, kwamba katiba yetu ndivyo ilivyo.

*

Ikatokea kwamba matawi yote ya nchi yamepeleka jina lilelile, jambo ambalo Waziri alilisifu kama umoja wa kitaifa. Tume ikaamua kuja kumsikiliza Chande mtaani kwake, ukumbi wa jamii. Utaratibu ulimruhusu kuleta shahidi mmoja, aliyekuwa karibu naye kuliko wote siku ya mechi. Nilitumwa kumpelekea taarifa hiyo, nikamkuta uani kwao akimsaidia baba yake kuchambua mchele.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia mzee.

"Baba, utakuja wewe."

"Mimi?"

"Si wewe ndiye uliyekaa na mimi. Sitaki useme habari za ndege. Usimtaje Waziri, usimtaje mtu. Sema tu nilikuwa na wewe kwenye benchi. Basi."

Mzee Tindwa aliendelea kuchambua. Alitoa chuya, akaitupa, akatoa nyingine.

"Nitasema, mwanangu. Kwani si kweli?"

"Ni kweli, baba."

"Basi nitasema."

Niliondoka nikiwa nimefarijika, nakiri. Kumpigia kura mtu ni kitu kimoja, na mimi sikuwa na chuki na Chande. Nilijiambia kwamba mzee atasema, Tume itasikia, na mkono wangu utakuwa haukumdhuru mtu.

Asubuhi ya kikao Waziri alifika mapema na kuomba kuonana na mwenyekiti wa tawi. Walikaa nyuma ya pazia la jukwaa. Mimi nilisimama karibu, kwa kuwa mwenezi anatakiwa kuwa karibu na habari.

"Mzee wangu," Waziri alisema, "safari ijayo tunakwenda mbali. Nchi ya baridi kali. Nimeona msafara wetu una upungufu. Tuna wawakilishi wa akina mama, wa wafugaji, wa wapiga ngoma, lakini hatuna Mwakilishi wa Wazazi wa Wachezaji. Nikasema, ni nani kama Mzee Tindwa?"

Mzee Tindwa hakuwahi kupanda ndege. Nyumba yake iko kwenye njia ya ndege zinazotua, na kwa miaka yote hiyo ndege zimekuwa zikipita juu ya paa lake na kukatiza mazungumzo yake.

"Huko kwenye baridi," alisema, "mtu anavaa nini?"

"Serikali inatoa koti, mzee. Zito, na kofia yake."

"Na mimi leo natakiwa kusema nini?"

"Ukweli," Waziri akasema, akamshika bega. "Ule ambao serikali imeshautangaza. Hakuna anayekutaka useme uongo."

*

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mwenyekiti wa Tume alikuwa jaji mstaafu aliyevaa joho la mahafali la mtu mwingine, maana lake lilikuwa kwa dobi. Alisoma mashtaka: kwamba Chande Tindwa, akiwa beki wa kushoto wa Jamhuri, aliacha upande wake wazi na kuruhusu aibu kuingia. Chande alisimama mbele na shati lake jeupe lililopigwa pasi.

"Mheshimiwa, sikucheza," alisema. "Nilikuwa hapa mtaani. Shahidi wangu ni baba yangu."

Mzee Tindwa akaitwa. Alipanda jukwaani polepole, akavua kofia.

"Mzee, siku ya mechi mwanao alikuwa wapi?"

Mzee alimtazama Chande. Chande alimwinamishia kichwa kidogo, kama mtu anayemtia moyo mtoto anayesoma shairi mbele ya wageni. Mzee akahamisha macho, akayaweka juu ya meza ya Tume, kwenye jagi la maji.

"Alikuwa uwanjani," alisema.

"Alicheza?"

"Alicheza."

"Alichezaje?"

"Vibaya." Aliikunja kofia yake. "Tangu mdogo nilimwambia asiache upande wake. Hasikii."

Nilimtazama Kopwe, Kopwe alikuwa anatazama viatu vyake. Mwalimu Ngoda alikuwa amevua miwani anaifuta, anaifuta tu, na haikuwa na kitu. Jaji mwenyewe alisahau kuandika.

Ndipo Bi Sikudhani akasimama katikati ya watu.

"Mzee Tindwa," alisema, si kwa ukali, "si mlikunywa chai kikombe kimoja, wewe na yeye? Mbele yangu?"

Minong'ono ikaanza. Jaji akagonga meza. "Mama, unataka kusema kwamba mzee huyu amedanganya mbele ya Tume? Unafahamu kwamba kuidanganya Tume ni kifungo? Na wewe mzee, nakuuliza mara ya mwisho, ulikunywa chai na mwanao au hukunywa?"

Mzee Tindwa alifungua mdomo. Aligeuka kutafuta msaada kwa Waziri, na Waziri akawa anasoma ujumbe kwenye simu.

"Mheshimiwa," Chande akasema.

Jaji akamgeukia.

"Baba hasemi uongo. Nilicheza. Hayo ya chai, Bi Sikudhani amenichanganya na siku nyingine. Samahani, mama."

Bi Sikudhani akaketi. Alijifunika uso na ncha ya kanga.

Chande akaanza kuyaeleza magoli. Alisema la kwanza aliteleza, nyasi zilikuwa na maji. La pili alimfuata mtu aliyekuja katikati akamwacha winga. La tatu alichelewa kurudi. Aliyapanga yote saba, moja baada ya jingine, kwa sauti isiyopanda wala kushuka, na kila goli alilitafutia kosa lake, na kila kosa lilikuwa lake mwenyewe. Wachezaji wenzake hakumtaja hata mmoja. Karibu yangu nilimsikia Kopwe akisema taratibu kwamba sasa ndiyo amelielewa lile la nne, kisha naye akanyamaza, kama mtu aliyeisikia sauti yake mwenyewe.

"Ninaliomba taifa radhi," Chande akamaliza.

Waziri alisimama na kumkumbatia. Alisema huu ndio ukomavu, na kwamba taifa linamsamehe, ingawa adhabu itabaki palepale. Makofi yalikuwa kwenye ratiba, kwa hiyo tulipiga. Niliona aibu. Nalisema wazi kwa kuwa Tume imeshafunga kazi na haipokei majina mengine. Niliona aibu hata kutazama viganja vyangu, na bado vilikuwa vinapiga.

Tulitoka nje tukasimama makundi makundi bila kuongea mpira. Mzee Tindwa alitoka mwisho. Ngazi za ukumbi ule ni mbovu, na Chande alikuwa anamsubiri chini, akampa mkono ashuke. Mzee aliushika. Walipofika chini hakuuachia, akabaki ameushika, anatafuta la kusema. Sote tulikuwa tunasikiliza na kujifanya hatusikilizi.

"Umekula?" mzee akamuuliza.

"Nimekula, baba."

Chande alikuwa amekaa na sisi mlangoni pa ukumbi tangu alfajiri, na hakuwa ametia kitu mdomoni. Hilo nalo tulilijua, na hilo nalo hatukulisema.